Kwa Otieno, Kuhusu Vifaranga wa Bondeni

Otieno, ndugu yangu,

Mimi bado ni dereva hapa Al-Naseem, kwa kafili yule yule aliyenileta. Madam amebadilisha gari, bosi amenenepa, na baridi ya Riyadh imeisha. Tangu wenzako wa Karantina, kule Jeddah, wanipigie simu kwamba ulilala hukuamka tena, nafanya kazi tu. Nililia siku moja, halas, yakaisha.

Kamera yako waliituma kutoka Jeddah kwa basi, imefungwa ndani ya shati lako la kazi. Kadi ya picha haikuwemo, nikanunua nyingine. Akinyi, mkeo, aliomba nimpe mtu anayesafiri aifikishe nyumbani, lakini kwanza nipige picha moja ya vifaranga wa wale ndege wako wa bondeni. Anasema mtoto wenu anakujua kwa sauti ya simu tu, na picha hiyo ulimwahidi mwenyewe. Msafiri alikuwa anaondoka Jumamosi. Kwa hivyo nilikuwa na Ijumaa moja tu.

Nikaenda bondeni, kule kusini, maji yanakopita kwenye matete. Nilifanya vile ulivyonifundisha: gari kando ya njia, injini imezimwa, kioo nusu, na mtu hashuki. Ile mara ya kwanza, kabla hujahamia Jeddah, nilishuka na chai yangu mkononi, ndege wote wakaruka. Ulinitukana mpaka tukafika nyumbani. "Ndege haogopi gari, wewe! Anaogopa Mkamba!"

Basi wakatoka. Wale wa miguu mirefu myekundu, mama na vifaranga wanne wa rangi ya vumbi, miguu imewazidi. Wakaingia njiani, kwenye alama za matairi. Mwanga ulikuwa safi, aki wewe ungepiga kelele kwa furaha.

Mara nikasikia lori la maji linakuja mbio. Mama akaruka. Vifaranga wakalala chini, kimya, maana wakiona hatari hawakimbii. Nikishuka, ndio kabisa hawainuki. Nikatupa kamera kitini, nikawasha gari, nikawazunguka kwa kupitia kwenye mawe, nikaziba njia kati yao na lori. Gari la kafili, Otieno! Likiguswa tu, mimi niko kwenye ndege ya kurudi Machakos. Dereva wa lori, Mpakistani mmoja wa ndevu, akafunga breki, akapiga honi, akatoa kichwa akitaka nisogee. "Yalla! Yalla!" Nikamwonyesha chini. Akatazama, akazima injini, akaegemea usukani. Tukangoja. Mama akaita kutoka kwenye matete, wakainuka mmoja mmoja, wakaenda.

Niliposhika kamera tena, njia ilikuwa tupu. Nikapiga hiyo njia tupu. Nilikasirika sana, sikufichi.

Kamera imefika. Akinyi alipiga simu, akampa mtoto. Akaniuliza vifaranga wako wapi, mbona anaona mchanga. Nikamweleza habari ya lori, nikamwambia wamevuka wote, wako na mama yao. Akafurahi. Halafu akauliza kama na wewe uliwaona.

Nikasema mtandao mbaya, nikakata simu. Nikakaa ndani ya gari nje ya geti mpaka madam akaja kuniita mwenyewe.

Pumzika, ndugu yangu. Nitampigia tena mtoto wako, nakuahidi, na safari hii sitakata.

Wako,
Mutua