Wembe wa Mama

Kaka yangu,

Tu wazima, cherehani yangu imepona na paa halivuji tena. Ila nina kinyongo nawe. Ulikataza dawa ya presha ya bei nafuu, ukasema mama yetu hatameza makapi. Jana nimemkuta anakata kidonge nusu kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi, ili boksi moja la jina kubwa unalotuma lifike mwisho wa mwezi! Nikalibeba mbio kwa mfamasia. Akanionyesha maandishi madogo chini ya lile jina: dawa ni ileile ya bei nafuu, nguvu ileile. Kaka, jina halishushi presha! Kuanzia leo anameza kidonge kizima, cha bei nafuu. Amenikataza nisikuambie habari za wembe, usije ukaona haya.

Mimi nataka uone.

Dada yako, fundi cherehani