Wanawake Sita Mbele ya Injini

Harthwaite, Yorkshire
9 Februari 2008

Mdogo wangu Noreen,

Salamu zetu kwako na kwa shemeji Lorne. Nyonga yake mpya inamruhusu kupanda ngazi sasa, au bado analala sebuleni? Sisi tunaendelea. Brenda ana kikohozi chake cha kila mwaka na mimi nina goti langu, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Jumatano tulikuwa na filamu za zamani katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Hifadhi ya filamu humtuma binti mmoja, anaitwa Philippa, na projekta yake. Desturi yake ni kuisimamisha filamu katikati na kuuliza, "Haya, hapa ni wapi? Huyu ni nani?" Sisi tunapiga kelele, yeye anaandika. Alituonyesha tramu za barabarani siku ya mwisho ya kazi, kisha mabasi yaliyokwama kwenye theluji ya mwaka arobaini na saba, na mwisho dakika nane za karakana yetu hapa hapa mjini, bila sauti. Kwenye kopo la filamu imeandikwa Februari 1942.

Noreen, niliinuka kitini. Injini moja imesimama mlangoni, inafutwa masizi, na tarakimu ya mwisho ya namba yake haionekani vizuri. Neville Crabtree akapaza sauti, "Hiyo ni tatu!" Nikamwambia, "Ni nane, kipofu wewe, tazama ukingo wa bomba la moshi, umepasuka!" Injini ile ilipita chini ya dirisha langu kila siku nilipoanza kazi ya kuongoza ishara za treni. Tulibishana hadi pai zikapoa. Philippa ameandika nane. Brenda alisema hajawahi kuona wazee wakigombania chuma kilichoyeyushwa kabla ya kuja televisheni ya rangi.

Wasalimie wajukuu.

Kaka yako,
Cliff


Hamilton, Ontario
24 Februari 2008

Kaka Cliff,

Nimepokea barua yako, na sisi ni wazima. Lorne anapanda ngazi, ila kushuka ndiyo kazi. Mpe wifi Brenda pole ya kikohozi.

Sasa nijibu swali moja. Injini ilikuwa inafutwa na nani?

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu. Mama alifuta injini katika karakana hiyo mwaka huo huo. Ni wewe uliyeniambia. Mimi nilikuwa na miezi kumi na moja alipokufa, na picha yake moja tu iliyokuwapo baba aliiweka kwenye jeneza lake. Nina miaka sitini na mitano na sijawahi kuona uso wa mama yangu, hata kwenye karatasi. Kaka yangu mwenyewe anaketi mbele ya filamu ya wanawake wa karakana ile, na anarudi nyumbani na habari za bomba la moshi!

Kama huyo binti anaweza kutoa nakala, nitumie. Halafu rudi ukatazame watu.

Mdogo wako,
Noreen


Harthwaite
20 Machi 2008

Mdogo wangu,

Umenisema, na umenisema sawa. Sina pa kujificha. Brenda alipoisoma barua yako alicheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Nilimpigia Philippa. Anasema katika daftari lao filamu ile imeandikwa aina ya injini, mahali, mwaka, na neno "wasafishaji". Basi. Siku ile ukumbini tulikuwa watu arobaini, wote wa reli, wake zetu pamoja nasi, na hakuna aliyetaja jina la mwanamke hata mmoja. Philippa naye aliona haya, kwa sababu hakuuliza.

Nakala yako iko ndani ya bahasha hii, kwenye diski. Yangu nimeitazama mara nne. Ya kwanza, nisikudanganye, jicho lilikimbilia tena bomba la moshi. Baada ya hapo nikawatazama. Wako sita, wamejipanga mbele ya injini na matambara mikononi, vitambaa vichwani, ovaroli zinawapwaya. Kuna dakika nzima wanafuta, halafu wanageukia kamera na kuanza kucheka wote kwa pamoja, sijui kwa nini.

Kama mama yumo, bado sijasema kitu. Nipe muda.

Kaka yako,
Cliff


Hamilton
11 Aprili 2008

Kaka mpendwa,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo, tena mimi sana.

Nimemwona. Sikuhitaji muda wowote. Wa tatu kutoka kushoto, yule mrefu anayecheka mpaka anajishika mbavu. Ana kishimo kwenye shavu la kushoto! Nilikuwa na miaka tisa uliponiandikia: macho ya kahawia, kishimo shavu la kushoto, nywele hazikai chini ya kitambaa. Barua ile ninayo mpaka leo. Mama Edie aliyenilea baada ya mama kufa alikuwa ananikuta nayo chini ya mto, anairudisha palepale.

Mjukuu wangu Kirsten ameitoa picha kwenye filamu, tumeikuza na kuitundika sebuleni. Jirani alipoingia nilimwambia, "Huyu ni mama yangu," na nikasikia jinsi maneno hayo yanavyokaa mdomoni. Sijawahi kuyasema mbele ya picha.

Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemwona. Niandikie neno moja tu, ndiyo. Sihitaji barua ndefu.

Mdogo wako,
Noreen


Harthwaite
2 Mei 2008

Mdogo wangu Noreen,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Nimeianza mara tano.

Siwezi kuandika hilo neno. Miaka thelathini na minane nilikaa kwenye kibanda cha ishara, na kitabuni niliandika treni iliyopita mbele ya macho yangu tu. Ile unayodhani itakuja huiandiki, hata kama ni ya kila siku. Ukiandika usichokiona, watu wanakufa. Labda hapa hakuna wa kufa, lakini mkono umekataa.

Ukweli ni huu, na ninauonea aibu. Simkumbuki uso. Nilikuwa na miaka sita. Uliponiuliza yukoje nilikuwa na miaka kumi na tano, baba hakutaka atajwe, na wewe ulikuwa mbali, mtoto peke yako kwa watu. Nikakuandikia kitu. Kishimo cha shavuni nilikiazima kwa mama wa duka la mikate. Macho ya kahawia niliyachagua kwa sababu yako ni ya kahawia. Kisha kila ulipouliza tena niliongeza, na baada ya miaka nikaanza kuamini mwenyewe.

Ninachokumbuka kweli ni harufu ya mafuta ya taa, mikono ya baridi, na kwamba alitembea haraka nami nikawa nyuma. Namkumbuka mgongo.

Yule wa tatu anaweza kuwa yeye. Anaweza kuwa yeyote kati ya wale sita, au asiwepo. Sijui. Nisamehe.

Kaka yako,
Cliff


Harthwaite
14 Juni 2008

Mdogo wangu,

Salamu. Nadhani barua yangu ya Mei ilifika. Nilipiga simu, Lorne akasema uko bustanini, nikapiga tena, uko bustanini. Bustani hiyo bila shaka imependeza.

Sikulazimishi. Brenda anasema ni afadhali ningekaa na injini yangu. Mimi nasema ningekosea mara ya pili.

Tuko wazima. Philippa amechapisha picha za wale sita na anazipeleka kwenye nyumba za wazee wilaya nzima. Nikisikia neno nitaandika, ujibu usijibu.

Kaka yako,
Cliff


Harthwaite
5 Septemba 2008

Mdogo wangu Noreen,

Hamjambo? Sisi wazima. Keti kwanza.

Jumatatu Philippa alinipigia. Bibi mmoja katika nyumba ya wazee ya upande wa mtoni ameitazama picha na kusema, "Mbona mmenikata miguu?" Anaitwa Winnie Barraclough, ana miaka themanini na sita. Tulikwenda mchana, Philippa na kompyuta yake ndogo, mimi na goti langu.

Winnie alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe ndiye mtoto wa Hilda? Mbona umezeeka hivyo? Yule mtoto alikuwa na kamasi."

Nikamwambia kamasi ziliisha. Akasema, "Taratibu, bado una muda."

Philippa akawasha filamu. Winnie akawataja wote sita kama anayeita majina darasani, akasema pia nani aliolewa na nani, na nani hakupaswa kuolewa na huyo. Alipofika wa tatu akasema, "Na huyu mrembo ni mimi. Kishimo bado kipo, tazameni." Akacheka, nacho kipo kweli, Noreen, ndani ya makunyanzi.

Kwa hiyo mwanamke aliyeko ukutani kwako ni Winnie Barraclough. Nilipomweleza alisema ni heshima kubwa, lakini angependa kuulizwa.

Nikasema, "Basi mama hayumo."

"Nani kasema hayumo? Nyinyi mnatazama nini siku zote?" Akaanza kugonga kioo kwa kidole, chini kabisa, kati ya magurudumu. "Huyo hapo!"

Tukaangalia. Upande wa pili wa injini, chini ya mwili wake, kuna miguu miwili imevaa viatu vya soli ya mti na soksi nene za kiume zilizokunjwa. Inasogea hatua, inasimama, inasogea tena, kama ya mtu anayefuta kwa mpango. Imo tangu mwanzo wa dakika ile hadi mwisho. Nimetazama filamu hii mara thelathini, na Philippa zaidi, na wote hatukuiona.

Winnie akatueleza. Mabwana wa filamu walitoka London, na msimamizi hakutaka waone mwanamke mwenye tumbo la miezi saba akifanya kazi ile. Akamwambia Hilda aende nyumbani. Mama akamjibu, "Kwani upande wa pili hauna masizi?" Akazunguka nyuma ya injini na tambara lake, akaendelea na kazi. Soksi ni za baba, maana miguu ilikuwa imemvimba.

Na kule kucheka kwao? Winnie alisema, "Tuliambiwa tuwe makini, tuonekane wazalendo. Mara tukamsikia huko nyuma anapaza sauti: 'Mwambieni bwana wa kamera mtoto ananipiga mateke, naye anataka kuonekana kwenye sinema!' Tukavunjika mbavu wote. Bwana wa kamera hakuelewa kitu, alidhani tumefurahi kwa ajili ya vita."

Nilimuuliza uso wa mama ulikuwaje. "Mchafu," akasema. "Wote tulikuwa wachafu." Macho je? "Mwanangu, kule nani alikuwa na nafasi ya kutazama macho?" Hakukumbuka kishimo chochote.

Ndiyo hayo tu. Uso sijakupatia. Nimeandika nilichokiona na nilichoambiwa na aliyekuwapo, na hapa naweza kuweka jina langu chini. Ulizaliwa tarehe 29 Aprili mwaka ule ule. Hesabu mwenyewe.

Kaka yako anayekupenda,
Cliff


Hamilton
28 Septemba 2008

Kaka yangu Cliff,

Hujambo wewe, hajambo wifi? Lorne anawasalimu na anaomba radhi kwa ile bustani. Ni mimi niliyemtuma aseme.

Nilikasirika sana, usidhani niliumia tu. Si kwa ule uongo wa utotoni. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa na miaka yote hiyo ya kuendelea nao, ukauacha siku niliyouhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Niliishusha picha ukutani nikaifungia kabatini, na jirani alipouliza nikasema tunapaka rangi. Kirsten akapaka kweli, ili bibi yake asiwe mwongo.

Sasa nimeirudisha. Mwambie Bi Winnie kwamba safari hii naomba ruhusa, na kwamba namtaka pale kwa sababu alikuwa anacheka maneno ya mama yangu. Mwambie pia asife kabla ya tarehe kumi na nne Oktoba. Tiketi nimenunua. Lorne atabaki, ndege na nyonga yake haviwezekani. Nitahitaji kitanda na mtu wa kunipeleka mtoni.

Umenisamehe kwa kukupigisha simu bure? Mimi nimekusamehe, Cliff. Mtoto wa miaka kumi na tano alinionea huruma na hakuwa na kitu cha kunipa. Ningefanya hivyo hivyo.

Diski naitazama kila asubuhi. Simtazami mtu mwingine tena, nashuka moja kwa moja chini, kati ya magurudumu, hadi dakika inaisha, kisha narudia. Jana Lorne aliingia na chai, akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Unatazama nini hapo? Mimi naona viatu tu."

Nikamwambia, "Ni mimi na mama. Tuko kazini."

Mdogo wako,
Noreen