Bibi Hamruhusu Mtu Kusafiri Jumanne

Marangu, Jumanne asubuhi

Dada Anna mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kufunga mizigo ya chuo peke yako. Kadi hii inakuja na gari la Baba Mdogo, ambalo nami nilipaswa kupanda leo. Nilikuwa nimeshabeba begi, manyunyu yakianguka juu ya migomba, Bibi akaniambia nirudi ndani ninywe mtori.

"Mama, gari halijui Jumanne," Baba Mdogo akamtania.

"Wewe ulinishinda zamani. Mjukuu wangu haondoki leo."

Nimesoma kwamba watu wengi wanaogopa namba kumi na tatu bila kujua hofu hiyo ilianzia wapi. Nikamuuliza Bibi Jumanne ilimkosea nini. Alikoroga mtori kwa muda, kisha akasema Babu alipanda mlima siku ya Jumanne, akiwabebea wageni mizigo. Sisi tulijua tu kwamba alifia huko. Siku hatukuwahi kuiuliza.

"Nilimfungia ndizi za kuchoma," akasema, "nikamhimiza asichelewe."

Nikatua begi. Baba hataki nipande basi peke yangu, na Baba Mdogo atarudi kunichukua Jumapili. Wewe utakuwa umeshaondoka Ijumaa, na sitakuona mpaka Krismasi. Nimekaa karibu na moto nikikuwaza, na sasa naelewa siku mbaya huzaliwaje. Nadhani yangu itakuwa Ijumaa.

Safiri salama, dada yangu, na usiache kula.

Mdogo wako,
Eliya