Mafuta Meupe Kama Tui

Jumatano usiku

Na bado Hamadi, mdogo wake mume wangu, anajiita fundi. Injini ya boti ukiiinua inashuka yenyewe polepole, propela inagusa mchanga. Nikafungua kitangi cha mafuta ya pampu ya kuinulia injini, nikayakuta meupe kama tui. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekatika, maji ya bahari yameingia. Hamadi akachungulia.

"Ndiyo rangi yake, shemeji."

Rangi yake.

Kisha akaifunga kamba. Injini inaning'inia kama mbuzi wa Idi, na watu wakampongeza. Kesho wakisukuma boti, mume wangu atasimama chini ya injini hiyo.

Magharibi nilirudi na kipande cha boriti, nikakipachika kuizuia. Kamba ilishalegea. Asubuhi Hamadi atawaambia watu boriti kaiweka yeye. Na mume wangu ataamini.