Goli la Upande wa Shule

Kwako kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwaka jana kilishakuaga. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua kama kawaida, lakini ulimi haujambo kabisa, na kila jioni lazima aniulize kama nimekuandikia.

Usinikasirikie kwa habari ninazokuletea. Nakumbuka siku ile unapanda gari ulisema usiandikiwe neno la ile timu ya vijana, si la ushindi wala la msiba. Miaka tisa nimekutii. Lakini kiherehere changu unakijua. Mama husema nilipozaliwa pua ndiyo iliyotangulia. Safari hii pua imenipeleka mpaka uwanjani.

Alianza Mama Jezi, yule anayewafulia vijana jezi tangu enzi zenu. Bado anazianika kwa mpangilio wa namba, moja mpaka kumi na tano, na soksi moja ikipotea timu nzima hukalishwa kitako. Alinijia dukani amekumbatia nyavu za magoli, zimechakaa kiasi kwamba mbuzi angepita bila kuinama. Akaniambia kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, tena sina mume wa kunipigia kelele, nisuke nyingine. Kamba akaleta kocha. Kocha ni yule yule kinyozi wenu, siku hizi ana miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, na huwa anatafuta wa tatu.

Nikasuka nyavu mbili kwa kipimo kimoja, juu ya meza moja, wiki moja. Jumamosi tukaenda kuzitundika. Wavu wa kwanza ulikaa vizuri, nami nikajiona fundi. Wa pili, goli la upande wa shule, ukalegea kama suruali ya mtu aliyetoka kuugua. Mama Jezi akasema hakujua kwamba nimezeeka kabla yake. Roho iliniuma. Nikaushusha, nikaufungua na ule mwingine, nikazilaza nyavu zote mbili kwenye majani, moja juu ya nyingine. Zililingana. Basi kosa halikuwa la fundi cherehani, lilikuwa la goli lenyewe.

Futi kamba siachi kuitembeza shingoni, hivyo nikaanza kupima huku Mama Jezi akiweka kidole pale futi inapoishia. Goli moja lilikuwa na mita saba na sentimita thelathini na mbili, kama inavyotakiwa. La upande wa shule lilikuwa na mita saba na sentimita saba. Nikapima mara tatu. Sentimita ishirini na tano hazipo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeziulizia.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilitaka kujua zilikwenda wapi. Nikaanza kwa kocha. Alisimama na wembe hewani, mteja wa watu amenyolewa nusu kichwa, kisha akasema taratibu kwamba sasa ameelewa kwa nini Ukuta alikuwa hafungwi upande ule. Unamkumbuka Ukuta, golikipa wenu. Mpaka leo hukaa kwenye benchi la kinyozi akiwasimulia watoto msimu ambao hakuruhusu hata bao moja upande wa shule. Siku hiyo alikuwa nje pale pale, anakunywa chai. Kocha akaninong'oneza kwamba nimwache kwanza amalize kikombe chake.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, maana magoli yale aliyatengeneza yeye. Alikuja juu. Akasema mageti ya nusu ya mji huu ni kazi ya mikono yake na hakuna hata moja lililokataa kufunga. Lakini ni mtu mkweli. Kesho yake alisimama dirishani kwangu, kofia mkononi, akasema amekumbuka. Goli la kwanza alilipima kwa futi yake ya chuma. Siku ya pili ile futi ilikatika springi, akaazima ya kitambaa kwa mtu ili akate chuma cha juu, kile watangazaji wanachokiita mtambaa panya. Akasimika nguzo ya kushoto, na ya kulia akaisimika pale chuma cha juu kilipoishia. Huyo aliyemwazima futi alishamsahau. Nikamwambia asijisumbue kumkumbuka.

Nadhani unaposoma hapa umeshaona ninachokiona. Ni lile goli. Ile fainali, dakika ya mwisho, bao moja kwa moja, na penalti mikononi mwako. Ulimpeleka kipa kushoto na mpira kulia, ukagonga nguzo katikati na kurudi. Nguzo hiyo ilitakiwa isimame sentimita ishirini na tano kulia zaidi. Mpira nao nimeupima, upana wake ni ishirini na mbili. Mpira siujui kama wewe, lakini vipimo navijua. Lile lilikuwa bao, kaka.

Kocha alipolisikia hilo alikaa kwenye kiti cha wateja wake mwenyewe. Akaniomba nikuandikie. Macho yanampungukia, na asipopatikana mtu wa kumpokea kabla ya msimu kuanza, timu itavunjwa na uwanja watapewa wenye malori waegeshe. Anasema hataki mwingine, anakutaka wewe. Akanishauri nikueleze habari ya nguzo tu, inatosha kukurudisha.

Ningeweza kufanya hivyo, nawe ungenishukuru. Lakini ile futi ilikuwa yangu. Wakati ule nilikuwa bado najifunza kazi. Ncha yake ilikuwa imechanika, nikaikata sentimita tano kwa mkasi, na kila nikipima nilikuwa nahesabu kuanzia tano. Mkono ukishazoea, huwazi tena. Fundi alipogonga dirisha nilikuwa na mteja amejaa pini mwilini, nikamrushia futi bila kumwambia neno. Kwa urefu wake wa mita moja na nusu aliilaza mara tano, na kila mara alipunjwa sentimita tano.

Hilo ni kosa, na naamini ungenisamehe. Kuna lingine, nalo halikuwa bahati mbaya.

Lile jina la Mlingoti, kwa ajili ya ile nguzo, lililokufuata sokoni, kazini, mpaka ukafunga mizigo, siku zote uliamini lilitoka kwa mashabiki wa wageni. Lilitoka kwangu. Ulikuwa umepiga magoti pale chini, na wasichana niliokuwa najifunza nao ushonaji walikuwa wamenigeukia. Niliona aibu kuwa dada yako. Basi kabla hawajanicheka, nikasema kwa sauti kwamba sasa nyumbani tuna Mlingoti wetu wenyewe. Wakacheka, nami nikacheka nao. Jioni watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaliimba. Miaka tisa mama ananiuliza ni nani aliyemfukuza mwanawe, nami nakanyaga cherehani tu.

Jumapili kamati ya timu inakutana uwanjani. Nitasema habari ya futi na habari ya jina, fundi akisikia na Ukuta akisikia. Sisubiri jibu lako ndipo niseme, usije ukadhani nakuuzia ukweli ili urudi. Ukirudi, rudi kwa ajili ya vijana. Kama hutaki kuniona, Mama Jezi atakupokea, na kutoka uwanjani mpaka nyumbani kuna njia isiyopita dukani kwangu.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Kocha na Mama Jezi wanakusalimu sana. Mama nimemsomea barua hii yote leo asubuhi kabla ya kuifunga, maana naye alistahili kuisikia kwangu kabla ya Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniagiza nikusalimu mwanawe. Mimi hajanisemesha tangu hapo, na sasa ni saa kumi jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi cherehani