Friji Mbovu ya Baba

Baba hajachanganyikiwa. Amesema hivyo daktari wa wodi leo, Jumatano, saa nne asubuhi, mbele yangu na mbele ya muuguzi wa zamu, na neno hilo amelikata kwenye faili kwa kalamu yake mwenyewe. Kilichovunjika ni kifundo cha mkono wa kulia. Kichwa ni kizima. Ijumaa saa nane mchana ataruhusiwa kutoka.

Shikamoo, Dada. Najua salamu ndizo hutangulia, lakini leo salamu zangu zina miiba, nikaona habari ipite kwanza. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na wanafunzi wako bado wanasimama wima mwalimu mkuu akipita. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na ujumbe mrefu huufuta bila kuusoma. Hii huwezi kuikatiza. Isome yote kabla hujaamua iingie fungu gani: la kubaki, la kugawa au la kutupa.

Nina hasira. Ninazo tangu Jumatatu na hazijapoa, ila nimezipanga kama ninavyopanga kazi yangu: nani, lini, na nani aliona.

Jumamosi ilivyokuwa nimeipata kwa kinyozi, yule ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa Baba. Anasema ulifika saa mbili asubuhi na glavu, barakoa na maboksi matatu, ukamtoa Baba nje ukamkalisha kwake kama mtu anayeacha mzigo stoo, ukamwambia asisogee mpaka aitwe. Anasema alipokuona ukifagia hadi kivuli cha mlango alielewa kwa nini nyumbani tulikuita Fagio. Anasema pia kwamba Baba aliomba mara tatu friji iachwe. Mara ya kwanza ulimjibu kwamba friji hiyo imekufa miaka sita. Mara ya pili ulimuuliza kama anaifuga. Mara ya tatu ulimwambia, mbele ya wateja, kwamba kitu kisichotumika mwaka mzima si mali, ni mzigo. Wateja wakacheka. Baba naye akacheka, na kinyozi anasema kicheko kile hakukipenda, kilikuwa cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake.

Saa kumi alasiri mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni, akaondoka na friji, cherehani mbovu ya kukanyagia, sanduku la bati la Mama na kile kiti kisicho na mgongo. Saa kumi na mbili ukatuma picha kwenye kundi la familia, kabla na baada. Shangazi akajibu kwa vikatuni sita vya makofi. Ichukue picha ile ya pili uitazame tena, Dada. Ukumbi mweupe, mtupu, unang'aa. Baba yuko katikati kwenye kiti kimoja. Usitazame sakafu uliyoipiga deki. Tazama mikono yake ilivyokishika kiti. Hivyo ndivyo anavyoshika mtu aliyewekwa juu ya paa.

Jumapili ukaondoka. Jumatatu, saa nne na dakika ishirini, msoma mita za maji alibisha hodi. Nilizungumza naye jana kazini kwake. Anasema Baba aliitikia kwa sauti ya kawaida kwamba anakuja, kisha vikasikika viganja vikipapasa ukuta, kisha kishindo kama cha kabati kuanguka. Akachungulia dirishani. Baba alikuwa chini ya zile ngazi mbili za kushukia mlangoni, amelalia mkono. Hakulia wala hakuita mtu. Aliuliza friji yake iko wapi. Aliuliza mara mbili. Msoma mita akadhani kichwa kimegonga sakafu.

Wewe ulipopigiwa simu na muuguzi, ulimwambia mzee amechanganyikiwa siku nyingi, anaulizia friji iliyokufa na anafunga matambara kwenye milango kama nyumba ya mganga. Muuguzi aliandika. Kazi yake ni kuandika. Neno lako moja likaingia kwenye faili, na kwa neno hilo jana wakaniambia mzee hawezi kurudi kuishi peke yake, atoke akabidhiwe kwa mtoto mwenye nafasi. Na wewe hukuchelewa: saa saba mchana ulishaandika kwamba chumba kwako kiko tayari, kitanda kimetandikwa, na nyumba ya Baba ipangishwe. Baba aliposikia aligeukia ukutani. Hajala mpaka asubuhi hii.

Sasa nikwambie ulichokitupa. Baba haoni. Jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linatofautisha mwanga na giza, basi. Nyumba ile uliyoikuta imejaa takataka ilikuwa macho yake. Akiamka, mkono unagusa sanduku la Mama, bati baridi. Hatua mbili, gurudumu la cherehani. Hatua tatu, kiti kisicho na mgongo. Halafu friji. Pale kwenye friji ndipo nyumba inapogawanyika: kushoto choo, kulia ukumbi, mbele ngazi mbili za kushuka. Fundi cherehani wa miaka arobaini hajui kusoma kwa vidole, lakini vitambaa anavijua. Mahameli kwenye mlango wa chumba cha kulala. Jinzi kwenye mlango wa choo. Kipande cha gunia kwenye nguzo ya ngazi, maana yake simama. Hukuacha hata kimoja. Kinyozi alikuona ukivikata kwa mkasi wa Baba mwenyewe.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vile vya Baba vilikuwa vimepangwa, Dada, sentimita kwa sentimita, na wewe ulivimaliza kwa siku moja ukapiga picha.

Hukujua. Nakubali hukujua. Lakini hukuuliza kwa nini mzee anaomba friji mbovu mara tatu. Mtoto wa darasa la pili akikuomba kitu mara tatu humuulizi sababu? Baba yako alikuomba mara tatu ukamuuliza kama anaifuga.

Hadi hapo ndipo nilipotaka barua iishe. Nimeisoma mara mbili. Kila kitu ni kweli na kina shahidi, ila kuna shahidi mmoja sijamhoji. Nyani haoni kundule, hata akiwa nyani wa magazeti.

Mimi nilijua. Nimejua kwa miaka miwili na miezi minne. Nilipita kwa Baba nikiwa na koti langu jeusi limekatika kifungo, akasisitiza kulishona yeye. Akalishona kwa uzi mwekundu. Akanipa, akaniuliza kama uzi unaonekana. Nikamwambia hauonekani. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho, akatuambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na lau tungewahi mwaka mmoja, macho yangeokolewa. Tukiwa njiani Baba aliniapisha nisikwambie. Alisema wewe ukijua utamhamishia kwako siku hiyohiyo na atakufa akiwa mgeni. Nikaapa. Vitambaa tulivifunga pamoja, yeye akichagua, mimi nikipiga mafundo.

Na wewe uliuliza. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Jumamosi, saa sita na dakika nane, ulinipigia. Kumbukumbu ya simu inasema tulizungumza dakika moja na sekunde arobaini na saba. Uliniambia umekuta matambara kwenye milango, ukauliza ni ya nini, ukauliza kama kuna chochote nisichotaka kitupwe. Nilikuwa mezani kwangu na habari ya ukurasa wa mbele, lakini nisisingizie kazi, muda ulikuwepo. Nikapima kiapo changu na shingo ya Baba, nikachagua kiapo, kwa sababu kiapo kilikuwa rahisi zaidi. Nikajitia hamnazo. Nikakwambia labda ni mambo ya uzee, fanya unavyoona. Uliposema utayakata, nilisema kata. Jioni picha ilipokuja niliweka kidole gumba juu.

Miaka ishirini na moja nimewaandama watu waliojua wakanyamaza. Nimewauliza mbele ya kinasa sauti walijua lini. Kwa hiyo hasira niliyoimwaga kwenye kurasa hizi igawe, nusu ubaki nayo, ile nyingine ni yangu, na ya kwangu ndiyo nzito.

Leo asubuhi nimekivunja kiapo. Nilimweleza daktari yote, na cheti cha macho nikamwonyesha. Akampima Baba pale kitandani, akamuuliza siku, tarehe na majina ya wajukuu. Baba akajibu yote, akaongezea kwamba shati la daktari limeshonwa vibaya begani, alisikia kwa vidole wakati wa kupimwa. Hapo ndipo neno lilipokatwa. Daktari alipoondoka Baba aligeuza uso upande wangu. Kisha akaniambia, "Redio, umetangaza." Jina hilo alinipa nilipowatangazia majirani kwamba umefeli hesabu, unakumbuka. Safari hii hakucheka. Lakini uji aliomba.

Masharti ya daktari ni mawili. Kwanza, awe na mtu ndani kwa wiki sita mpaka mkono uunge. Nitakuwa mimi. Mhariri amesema likizo ya wiki sita huchukuliwa na anayejifungua au anayezikwa, nikamwambia achague mwenyewe aandike ipi. Pili, nyumba irudi ilivyokuwa, kila kitu mahali pake, kabla Baba hajakanyaga mlangoni. Isipowezekana, anakuja kwako, na ile nyumba kwaheri. Baba amesikia masharti yote mawili na amenishika mkono kwa ule wa kushoto, hakuuachia haraka.

Mnunuzi wa vyuma nimempata. Sanduku, cherehani na kiti bado viko uani kwake. Friji imeshakatwa. Anayo nyingine iliyokufa, fupi kidogo, nami nimeipima: itafika kiunoni badala ya kifuani, Baba atalazimika kuizoea. Gari lake litashusha vitu Ijumaa saa mbili asubuhi. Mimi najua vilipokaa kwa hatua. Wewe ndiye uliyevitoa, alama za miguu ya vitu hivyo uliziona sakafuni kabla hujazisugua. Tutahitajiana.

Nampa barua hii dereva wa basi la alfajiri, utakuwa nayo kesho kabla ya mchana. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Shangazi umwambie apunguze makofi. Baba hajakutumia salamu, sitakudanganya. Ila ameuliza kama utakuja.

Kinyozi anasema vile vitambaa hukuvitupa, uliviweka kwenye buti la gari ukasema vitafaa kufutia vioo. Njoo navyo vyote vitatu. Usivifue. Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Mdogo wako,
Redio