Shairi la Tatu kwenye Santuri ya Mama Yako

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Funga dirisha la jikoni. ~~Santuri irudishe kabatini.~~ Hapana, iache hapo hapo kwenye mashine.

Asubuhi nilikufokea bure, eti umeacha sindano ipite kwenye shairi la tatu. Miaka yote nimekuwa nikiinyanyua hapo, nikisingizia mkwaruzo. Ulipobamiza mlango nikalisikiliza lote, kinanda na mwimbaji hadi mwisho. Mkwaruzo haupo. Ndilo shairi marehemu mama yako alilokuwa akikubembelezea. Nilishindwa kulisikia bila yeye, nikakunyima na wewe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimempata hata hujaolewa.

Nikirudi kutoka kazini tulisikilize pamoja. Nikiinyanyua sindano, nichape mkono.

Baba